Shajara ya mradi: kusawazisha silaha na nguvu katika mapambano ya maandishi

Shajara hii inafuatilia kazi ya kutunga kanuni za haki kwa mapambano ya maandishi yanayochezwa kwa Kiswahili, na inaandikwa ili kikundi kingine kitakachotaka kuzinakili kanuni zetu kione pia mahali tulipokosea. Katika mchezo huu watu wawili, kila mmoja akiwa na mhusika wake, hupigana kwa kuandikiana kwa zamu, na mwamuzi huyasoma maandishi hayo na kutoa hukumu. Katika MUD, mchezo wa maandishi ulioanzishwa na Roy Trubshaw na Richard Bartle mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, kompyuta ndiyo iliyokokotoa matokeo ya kila pigo. Kwetu hakuna kompyuta inayohukumu; kilichoandikwa ndicho kilichotendeka. Tofauti hiyo tuliijua tangu mwanzo, lakini ilituchukua wiki saba kuelewa ina uzito gani.

Tuko tisa: wanne Tanga, watatu Dar es Salaam, mmoja Mombasa na mmoja Muscat. Tunachezea katika kundi la WhatsApp. Mimi ni mmoja wa waamuzi watatu, na mwamuzi hahukumu pambano lake mwenyewe.

11 Januari 2025: Jedwali la kwanza

Kila mhusika amepewa uhai wa 20 na alama 20 za kununulia silaha na nguvu. Silaha tumezichukua pwani na bara yake: upanga, mkuki, sime, jambia, rungu, upinde wenye mishale ya sumu ya msunguti, na ngao ya ngozi ya nyati. Nguvu ni nne: kutoonekana, kuponya, kuita upepo na kusoma mawazo. Pigo moja la upanga hupunguza uhai kwa 4, la rungu kwa 5, na la jambia kwa 2, ila jambia hupiga mara mbili katika zamu moja. Ngao hununuliwa kwa madaraja, na kila daraja la alama 2 hupunguza madhara ya kila pigo kwa 1. Gharama hadi sasa ni jioni mbili za mabishano na bando la wiki moja kwa kila mtu.

26 Januari 2025: Ngao isiyopasuka

Pambano la kwanza lilisimamishwa katika zamu ya 31 bila mshindi, baada ya siku kumi na moja za kuandikiana. Mmoja alikuwa na upanga, na mwenzake alikuwa amenunua madaraja manne ya ngao kwa alama 8. Nilipokaa na kalamu ndipo kosa lilipojitokeza. Bila ngao, upanga unahitaji mapigo 5 kuumaliza uhai wa 20. Daraja la kwanza huyafanya mapigo hayo kuwa 7, la pili 10, la tatu 20, na la nne huufanya upanga usiweze kuua kabisa. Madaraja yote manne tuliyauza kwa bei moja, ilhali la kwanza liliongeza mapigo mawili, la tatu likaongeza kumi, na la nne likaufuta mchezo. Mwenye jambia alidhulumiwa kuliko wote, kwa kuwa madaraja mawili tu yalitosha kuyageuza mapigo yake yote kuwa sifuri, wakati rungu lilipita katika ngao hiyohiyo likiwa bado na madhara ya 3.

Kosa la jamii hiyohiyo lilikuwa upande wa mashambulizi. Kwa alama 5 mtu aliweza kuupandisha upanga wake kutoka madhara ya 4 hadi 6, na kwa alama 5 nyingine aliweza kupiga mara mbili katika zamu. Kila kimoja peke yake kilikuwa na bei ya kuvumilika: cha kwanza kinampa 6 kwa zamu, cha pili 8. Aliyenunua vyote viwili hakupata 10 kama tulivyojumlisha kichwani, bali alipata 12, kwa sababu vitu hivyo viwili huzidishana. Bei zetu zilikuwa za kujumlisha na vitu tulivyovipangia bei vilikuwa vya kuzidisha. Hata tungezirekebisha namba mara mia, jedwali la namna hiyo lisingetulia.

Tulijaribu kuifanya ngao ipunguze madhara kwa nusu badala ya kutoa namba, na mahesabu yakawa bora, lakini kila pigo likazua ubishi kuhusu nusu ya namba witiri. Suluhisho lililodumu ni rahisi: ngao huzuia mapigo matatu kisha hupasuka, na haina madaraja.

9 Februari 2025: Dadu

Tulitumia wiki mbili kuamua mapigo kwa dadu mbili. Kwa anayehitaji kupata 7 au zaidi, nafasi yake ni 21 kati ya 36, yaani asilimia 58, na silaha inayomwongezea 1 humfikisha 26 kati ya 36, asilimia 72. Kwa anayehitaji 11 au zaidi, nyongeza ileile humtoa 3 kati ya 36 hadi 6 kati ya 36. Wa kwanza ameongezewa robo hivi ya alichokuwa nacho, wa pili ameongezewa maradufu, na wote wamelipa bei moja. Hilo lingeweza kutafutiwa dawa. Kilichotufanya tuziache dadu ni kwamba mtu aliyepanga shambulio lake kwa ustadi na mtu aliyeandika kwa pupa walikuwa wakipata matokeo sawa. Sasa dadu hutumika pale tu waamuzi wanaposhindwa kabisa kuamua.

2 Machi 2025: Kosa halikuwa kwenye jedwali

Mwenye mkuki aliandika hivi katika zamu yake: «Anauelekeza mkuki kifuani mwa adui, anasubiri.» Mwenye jambia akajibu: «Akainama chini ya mkuki, akazunguka nyuma yake, akachomoa jambia, akamkata mshipa wa mguu, akaruka nyuma, akatoweka kivulini.»

Kwa jedwali letu jambia hupiga mara mbili kwa zamu. Kwa sentensi hii mwenye jambia alikuwa ametenda mambo sita, na moja kati ya hayo sita lilikuwa limekwisha kuamua yaliyoupata mwili wa mtu mwingine. Nilirudi nikasoma mapambano yote yaliyotangulia nikiwa na kalamu mkononi, nikipigia mstari kila kitenzi, na katika karibu kila pambano mshindi alikuwa yule aliyetenda mengi zaidi kwa zamu, awe na silaha gani. Tulikuwa tumetumia wiki saba kupima makali ya panga huku silaha kuu ya mchezo, yaani haki ya kusema nini kimetendeka, ikigawiwa bure kwa yeyote aliyethubutu kuichukua.

Kwa hiyo jedwali la alama limefutwa lote, na mahali pake tumeweka kanuni mbili zilizoegemea sarufi. Kanuni ya kwanza ni kwamba mshambuliaji huandika jaribio, na mshambuliwaji peke yake ndiye huandika matokeo juu ya mwili wake. «Anaushusha upanga kuelekea begani» inaruhusiwa. «Amelikata bega» na «alilikata bega» haziruhusiwi. Kanuni ya pili ni kwamba kila -ka- ni tendo moja, na silaha hutofautiana kwa idadi ya matendo inayoyaruhusu katika zamu. Mwenye jambia ana manne, mwenye upanga, sime au mkuki ana matatu, mwenye rungu au upinde ana mawili. Anayebeba ngao hupoteza tendo moja kati ya yake. Uhai wa 20 nao umeondolewa, na mhusika huanguka kwa jeraha la tatu.

Naona hapa ndipo mradi ulipoanza kweli, kwani kwa mara ya kwanza vitu vyote vya mchezo vinapimwa kwa kipimo kimoja. Urefu wa mkuki, kwa mfano, haukuhitaji tena namba yake: mwenye jambia au sime analazimika kutumia tendo moja kuingia ndani ya ncha ya mkuki kabla hajashambulia, na tendo hilo ndilo bei ya ufupi wa silaha yake.

16 Machi 2025: Kanuni ilivunjwa ndani ya siku nne

Ramadhani imeupunguza mwendo, kwa kuwa wengi wetu tunacheza baada ya tarawehe tu, lakini siku nne zilitosha kwa wachezaji kuiona mianya yote. Sikuwaona kuwa ni walaghai, kwani mchezo wa ushindani humtaka kila mtu atumie kila alichoruhusiwa.

Waliozuiwa -ka- walihamia kwenye -ki-: «Akarusha kombeo huku akizunguka, akichomoa sime, akiinama.» Tendo moja kwa hesabu yetu, manne kwa ukweli. Wengine wakatumia «na» pamoja na kitenzi-jina: «akaruka na kugeuka na kuchoma.» Mmoja akaacha vitenzi kabisa, akaandika «kwa mruko mmoja, mzunguko wa haraka na mchomo wa kifuani», sentensi ambayo haina hata kiambishi kimoja cha kuhesabiwa. Kwa upande wa kanuni ya kwanza, -me- ilipokatazwa ikaja -sha-: «jambia lishampata.» Tulipomkatalia mwandishi wa sentensi hiyo, mchezaji wetu wa Mombasa alilalamika kwa haki kabisa kwamba hivyo ndivyo anavyozungumza kila siku, na kwamba kanuni inayohesabu viambishi itaishia kumwadhibu mtu kwa lahaja yake badala ya kumwadhibu kwa udanganyifu. Malalamiko hayo ndiyo yaliyotunyoosha.

Tumeandika upya. Tendo ni kila jambo linaloufanya mwili uhame mahali, ubadilishe mkao au ubadilishe kilichoshikwa mkononi, liwe limesemwa kwa kitenzi cha namna yoyote au kwa jina. «Mruko» ni tendo. «Akizunguka» ni tendo. «Akamtazama kwa hasira» si tendo. Vilevile matokeo ni neno lolote linaloeleza yaliyoupata mwili wa mpinzani, kwa wakati wowote wa kitenzi. Waamuzi wanahesabu maana, na hesabu yao huandikwa chini ya kila zamu ili ionekane na iweze kupingwa.

Upande wa pili wa kanuni ya kwanza nao ulikuwa na shimo ambalo tulipaswa kuliona mapema. Ukimpa mshambuliwaji haki ya kuandika matokeo, hapigwi kamwe. Tulikuwa na mpiganaji aliyekwepa mapigo kumi na manne mfululizo. Baada ya kujaribu kumwachia mwamuzi uamuzi wa kila pigo, jambo lililomchosha mmoja wetu hata akaomba kupumzika kwa mwezi mzima, tuliamua kwamba kukwepa hukopwa: kila pigo unalolikwepa hukupunguzia tendo moja katika zamu yako inayofuata, na asiye na tendo la kukopa lazima alipokee pigo na kuandika jeraha. Kukinga kwa ngao hakukopwi, lakini ngao ina mapigo yake matatu tu, na pigo la rungu huhesabiwa mara mbili juu yake.

13 Aprili 2025: Nguvu zisizoonekana na kitendawili

Kusoma mawazo kulikuwa kumenunuliwa na watu wawili, na wote wawili waligundua kwamba wamelipia kitu ambacho kila mtu anacho, kwa kuwa wachezaji wengi huandika fikra za wahusika wao hadharani na mpinzani huzisoma kama asomavyo mengine. Nguvu hiyo imeondolewa. Kuita upepo kumegeuka kuwa kumsukuma adui hatua kadhaa nyuma kwa gharama ya matendo mawili, na hakujaleta ubishi wowote.

Kutoonekana ndiko kulikotusumbua. Mwanzoni mtu aliweza kutangaza katika zamu ya nane kwamba tangu zamu ya tatu alikuwa nyuma ya mpinzani. Tukaweka bahasha, yaani aliyejificha humtumia mwamuzi ujumbe wa faragha kabla ya zamu, akieleza alipo na anachokusudia, na hawezi kuubadilisha baadaye. Bahasha iliondoa uongo lakini haikuleta haki, kwa sababu mpinzani bado alipigwa na kitu ambacho hakuwa na njia yoyote ya kukijua. Nguvu isiyoweza kupingwa haina bei ambayo ni sahihi. Hata ukiiuza ghali namna gani, mwenye fedha ya kuinunua atashinda na asiyenayo atashindwa.

Suluhisho lilitoka kwenye vitendawili. Anayejificha anatega: lazima aache dalili moja ya kweli katika maandishi ya hadharani, kama mavumbi yaliyotulia ghafla au ndege walioruka upande mmoja, angalau zamu moja kabla ya kushambulia, na mwamuzi huilinganisha dalili hiyo na bahasha. Mpinzani anaweza kutegua kwa kutaja alipo aliyejificha. Akipatia, kificho kimevunjika na aliyejificha amepoteza matendo yote ya zamu hiyo. Akikosea, anatoa mji, na mji kwetu ni tendo moja la zamu ijayo. Kuna haja ya kumwadhibu anayekosea, kwani kabla ya kuweka adhabu hiyo watu walikuwa wakibahatisha kila zamu bila kusoma chochote. Tangu kanuni hii ianze, maandishi ya wanaojificha yamekuwa mazuri kuliko ya wengine wote, kwa sababu dalili isiyofichwa vizuri ndani ya sentensi huteguliwa mara moja.

Kuponya sasa hugharimu zamu nzima na hakuzidi mara moja kwa pambano. Wawili wenye kuponya bila kikomo walikuwa hawawezi kuuana. Sumu ya msunguti, ambayo hushambulia moyo, ilikuwa inaandikwa kana kwamba mkwaruzo mmoja unaua papo hapo. Sasa aliyechomwa mshale hupoteza tendo moja kila baada ya zamu mbili hadi atakapoishiwa, na hivyo mwenye upinde analazimika kuishi muda wa kutosha ili sumu yake ifanye kazi.

4 Mei 2025: Mwamuzi na maneno mazuri

Nilichukua mapambano manne yaliyokwisha kuhukumiwa, nikayaandika upya kwa sentensi kavu, nikaondoa majina na mapambo na kuacha matendo peke yake, kisha nikawapa waamuzi wenzangu bila kuwaambia ni yapi. Katika mawili kati ya manne walitoa hukumu tofauti na ile ya awali, na mojawapo lilikuwa limehukumiwa na mmoja wao. Hukumu ya awali ya lile jingine ilikuwa yangu. Wote wawili tulikuwa tumempa ushindi aliyeandika kwa urefu.

Urefu huo haukuwa wa kipaji tu. Mtu mwenye umeme wa uhakika, kompyuta na jioni tupu anaandika maneno mia nne. Mtu anayeandikia simu akiwa kwenye daladala anaandika hamsini. Kila zamu sasa haizidi maneno 120 na ina muda wa saa 24. Mapambano mawili yalirudiwa, na zawadi ya muda wa maongezi wa shilingi 5,000 iliyokwisha kutolewa haikudaiwa. Aliyestahili alilipwa nyingine kutoka mfuko wa waamuzi.

18 Mei 2025: Mkuki uliodhulumiwa

Hili ni kosa langu na ninaliandika lote. Mwezi Aprili mkuki ulishinda mapambano 7 kati ya 10, nami nikashauri upunguzwe kutoka matendo matatu hadi mawili. Wenzangu walikubali. Mwenye mkuki, ambaye alimjenga mhusika wake tangu Januari, aliaga kwa adabu akatoka kwenye kundi.

Wiki hii nimekokotoa jambo nililopaswa kulikokotoa kabla. Silaha mbili zilizo sawa kabisa, kila moja ikiwa na nafasi ya nusu kwa nusu, zikipambanishwa mara 10, moja uliyoichagua itashinda mara 7 au zaidi kwa nafasi ya 176 kati ya 1,024, yaani asilimia 17. Huo si ushahidi wa kumnyang'anya mtu silaha yake. Zaidi ya hayo, mapambano yote kumi yalichezwa na mtu mmoja, naye alikuwa mchezaji wetu bora. Kwa hesabu ya Arpad Elo ya kupima ubora wa wachezaji, ambayo Shirikisho la Kimataifa la Chesi limeitumia tangu mwaka 1970, mchezaji ambaye kipimo chake kinamzidi mwenzake kwa pointi 150 hutarajiwa kupata asilimia 70 ya alama za mechi bila msaada wa silaha yoyote. Saba kati ya kumi ndiyo yangekuwa matokeo yake hata angeshika fimbo.

Kuanzia leo silaha haiguswi mpaka ipimwe kwa mapambano ya kioo: wawili wanapigana, kisha wanabadilishana wahusika na kupigana tena, ili ustadi wa mtu uwe pande zote mbili za mizani. Idadi ya chini ni jozi kumi. Hata hivyo mapambano 20 si mengi, kwa kuwa ushindi wa 14 au zaidi hutokea kwa bahati tupu kwa karibu asilimia 6. Tumekubaliana kwamba chini ya 15 hatubadilishi kitu, na kuanzia 15 tunarudia kipimo kabla ya kubadilisha.

Nimemwandikia mwenye mkuki kumweleza hesabu hiyo na kumwomba radhi.

29 Juni 2025: Matokeo ya kioo

Jozi kumi zimekamilika, kwa wiki sita, mkuki wenye matendo matatu dhidi ya upanga wenye ngao na matendo mawili. Mkuki umeshinda 11, upanga na ngao 9. Mkuki umerudishiwa tendo lake la tatu.

Upinde haujapimwa kikamilifu, kwa sababu jozi nne tu zimechezwa, ingawa katika mapambano yote manane ya jozi hizo upinde umeshindwa kila pambano lililoanzia karibu. Umbali wa kuanzia ndio unaoamua kabla neno la kwanza halijaandikwa. Tunajaribu njia ya kugawana: mmoja anapanga umbali na seti mbili za silaha, mwenzake anachagua seti anayoitaka. Anayepanga kwa upendeleo anajua kwamba upendeleo huo utachukuliwa na mpinzani. Jozi ya kwanza inaanza kesho saa mbili usiku, na aliyeomba kupanga ni yule mwenye mkuki, aliyerudi Jumatano.